TIKETI YA ROMA HUBISHI, TEKSI YA BWEJUU UNALIA BEI?

Kuna dada mmoja mwenye wafuasi kibao, jina kapuni. Alivyosafiri Italia na meli ya kitalii alishuka Civitavecchia, akapanda treni, kama saa moja tu yuko Roma anapiga selfie. Safari nyingine meli ikatia nanga Malindi, Unguja. Akaanza kulalama mtandaoni: Zanzibar hakuna treni ya Bwejuu, na teksi bei juu!

Haya, treni iliwahi kuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ilitoka mjini mpaka Bububu, basi. Bwejuu iko pwani ya mashariki, unapita msitu wa Jozani na Paje kwa barabara.

Kuna daladala namba 324, bei chee. Ila haina ratiba kama treni ya Roma, na inashusha na kupakia njia nzima. Mwenye siku tatu hotelini, apande tu, atafurahi. Abiria wa meli akichelewa anaachwa, kwa hiyo kukodi teksi si kujidai, ni akili.

Ila ukikodi, kodi kiungwana. Huyu dada alimkaba dereva mpaka bei ikawa ya huruma. Akafika Bwejuu maji yamekupwa, akawapiga picha akina mama wa mwani bila kuomba, akarudi kula melini. Kijiji kimebaki na nini? Vumbi la tairi!

Angemuuliza dereva saa za maji kujaa, angekula pweza palepale. Roma alilipa kimyakimya, ubahili kauleta Unguja.

Wadau, mnasemaje?