Bajeti ya Shule Ijengwe Juu ya Ukweli

Mnamo Julai 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, aliwaambia wabunge jambo ambalo walimu wakuu walikwisha kulijua kwa machungu. Serikali haimudu tena kumlipia kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma shilingi 22,244 kwa mwaka. Kinachopatikana ni kama 16,900. Kelele zikazuka, wakubwa wakaharakisha kuwatuliza wazazi. Mimi naona waziri alitenda jema. Shilingi 16,900 zikitajwa mapema huweza kupangiwa matumizi, lakini 22,244 zilizo kwenye karatasi tu hazinunui hata chaki.

Tupige hesabu. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 400 hupungukiwa na shilingi 5,344 kwa kila mmoja, yaani 2,137,600 kwa mwaka. Humo ndimo mlimo mishahara ya walimu walioajiriwa na bodi ya shule kwa sababu Tume ya Huduma za Walimu (TSC) haijaleta wa kutosha. Humo mna ujira wa mlinzi na karani, umeme, maji na kemikali za maabara. Na kiwango chenyewe hakijaongezwa tangu 2018, ilhali mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200.

Ubaya zaidi umo katika kuchelewa. Kwa utaratibu uliowekwa, nusu ya fedha ifike muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, na 20 wa tatu. Isipofika, mwalimu mkuu hukopa. Muuza maharagwe anayejua atalipwa baada ya miezi hupandisha bei tangu mwanzo, naye si wa kulaumiwa, maana ana watoto wa kulisha. Basi shule maskini ndiyo inayonunua kwa bei ya juu, na deni la muhula huu hula fedha za muhula ujao. Siku shule inapoelemewa na madeni, mwanafunzi hufukuzwa darasani akalete pesa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kukataliwa shuleni kwa sababu ya michango isiyolipwa. Aliyefukuzwa ni mtoto wa kibarua. Mwenye uwezo amebaki akisoma.

Enyi wajumbe wa bodi, wajibu wenu unaanzia hapa. Msitunge bajeti kwa kiasi kilichoahidiwa. Chukueni fedha zilizoingia kweli katika benki ya shule mwaka uliopita, mpange kwa hizo. Kisha waiteni wazazi, muwasomee hesabu yote: kilichoingia, kilichotoka, nani anadai na anadai kiasi gani. Mzazi aliyefichwa hesabu hushuku wizi hata pasipo na wizi. Aliyeonyeshwa atauliza maswali makali, na ni haki yake, lakini ataleta debe la mahindi au mzigo wa kuni akijua vinakokwenda.

Katika kupunguza, kuna mambo ambayo hayafai kuguswa. Mwalimu wa hisabati anayelipwa na bodi asiwe wa kwanza kuachishwa kwa kuwa tu hana wa kumtetea. Chakula cha mchana kisikatwe, maana mwenye njaa hafundishiki. Basi jipya lisubiri. Lango la fahari lisubiri. Safari za semina za mahotelini zisubiri, na zikikosekana milele hakuna mwanafunzi atakayefeli kwa ajili hiyo. Idadi ya wanafunzi nayo iandikwe kwa uaminifu. Anayeandikisha wanafunzi hewa ananyang'anya shule jirani fungu lake.

Najua wapo watakaosema: tukipanga kwa 16,900, Serikali itaona tumeridhika, na watoto watapunjwa daima. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kupanga kwa kilichopo si kusamehe kisichofika. Shilingi 5,344 zilizobaki ziandikwe kila mwaka katika vitabu vya shule kuwa deni la Serikali, zitajwe katika kila mkutano wa wazazi, na mbunge wa eneo apelekewe hesabu hiyo kwa maandishi. Dai lenye tarakimu ni gumu kulikwepa kuliko malalamiko.

Nanyi wabunge, Katiba ya 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ninyi ndio mnaopitisha makadirio kila mwaka. Uchumi umebanwa na madeni, tunakubali. Hata hivyo mkiwa Bungeni, utajeni wazi mgao wa kila mwanafunzi kabla mwaka wa fedha haujaanza. Ikiwa ni 22,244, utoeni wote kwa wakati wake. Ikiwa ni 16,900, semeni 16,900, ili bodi zijue cha kufanya kabla shule hazijafunguliwa Januari.