Baharia na Dadu

Leo naweka programu kando nizungumzie Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mmoja hubuni mhusika wake.

Katika kanuni za 2014, maisha ya awali ya mhusika humpa uwezo fulani. Aliyekuwa baharia, kwa mfano, hupata nafasi ya bure melini, yeye na wenzake. Masharti yapo: wasaidie kazi za chombo, na wasitarajie kujichagulia ratiba wala njia.

Juzi baharia wangu aliomba meli. Mwendesha mchezo akaniambia, "Rusha dadu tuone kama nahodha atakubali." Nikapata 4. Tukaachwa bandarini.

Mimi naona alikosea. Kanuni haisemi baharia anaweza kujaribu, inasema anapata. Ukiandika kwenye maelezo ya programu kwamba kitufe hiki kinahifadhi faili, kitufe kihifadhi faili, si kubahatisha. Na mwendesha mchezo hapotezi kitu. Meli na iwe ya magendo, au ipitie kwanza kisiwa cha maadui. Hapo hadithi inasonga mbele, ukikataa, inakwama.

Wengine husema uwezo wa aina hii unarahisisha mchezo mno. Kanuni mpya za 2024 ziliuondoa, zikaweka vipaji maalum badala yake. Kwangu hiyo ni hasara. Kama miaka ya baharini haimfai mtu hata bandarini, aliiandika ya nini?

Nyinyi mwaonaje?