Hana, Hakuleta, Hajapata

Makala saba zimo katika toleo hili la jarida, na mbili kati yake zimenikera. Ya kwanza inasema mwandishi wa programu wa Karagwe au Kyerwa hana haja ya kuongeza kanuni zake mwenyewe kwenye maktaba ya validator ya lugha ya Go. Zilizomo zimepigwa na jua na mvua za dunia nzima, anasema, na za kwetu zitazaa vurugu tu. Ya pili inataka kila mfumo wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, uwe na kanuni zake, nyingi na kali, ili magendo na kahawa hewa vikutane na komeo. Mmoja anaziogopa kanuni, mwenzake anaziabudu. Hakuna aliyeuliza swali ninalolala nalo mimi: kanuni ikisema hapana, nani anarudi nyumbani na gunia lake?

Nianze na dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ya kusajili wakulima wa chama kimoja cha msingi upande wa Kyerwa. Kila mkulima alikuwa na sehemu ya deni, maana wengi huchukua pembejeo kabla ya msimu na kukatwa siku ya malipo. Nikaandika `Deni int`, nikabandika tagi ya `validate:"required"`, nikaenda kulala. Sikutaka karani aruke sehemu hiyo, basi. Asubuhi ya usajili akanipigia simu: “Mtaalamu, huu mfumo wako unawapenda wenye madeni tu.”

Wasomaji wa jarida hili wameshacheka. Tagi hiyo, ikikutana na namba, huihesabu sifuri kuwa kitu kisicholetwa. Mkulima aliyelipa madeni yake yote, ambaye ndiye chama kingemtaka kuliko wote, alikuwa anakataliwa kwa sababu hadaiwi. Nami niko mbali, mtandao wenyewe unakuja na kwenda. Karani hakunisubiri. Foleni ilikuwa imefika barabarani, akaanza kuwaandikia wasiodaiwa deni la shilingi moja. Jioni hifadhidata ilikuwa safi kama sahani ya mgeni: hakuna kosa hata moja, na hakuna mkulima hata mmoja asiyedaiwa.

Dawa ya kosa lile mnaijua: andika `*int` badala ya `int`. Pointa tupu ni kimya, na pointa inayoelekeza kwenye sifuri ni sifuri iliyosemwa. Ningeweza kuishia hapo, na makala nyingi za uhakiki huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu kimya nacho kina sura zaidi ya moja, na lugha tunayoongea mizanini inazijua zote.

Karani anapomuuliza mtu aliyesimama mbele yake kuhusu kitambulisho, kuna majibu matatu. *Hana*: hakimhusu, pengine ni kijana wa miaka kumi na sita aliyetumwa na bibi yake. *Hakuleta*: anacho, kimebaki nyumbani ndani ya sanduku. *Hajapata*: ameomba, amepigwa picha, anasubiri. Mtoto anayejifunza kuongea hachanganyi “sili” na “sijala”. Anajua neno la pili limeacha mlango wazi na sahani iko njiani. Kiswahili kimelipa jambo hilo kiambishi chake, -ja-, kikakiweka ndani ya kitenzi ambako huwezi kukikwepa. Halafu tunafika kwenye `RegisterValidation`, tunaandika funksheni yetu, nayo inatakiwa kurudisha kitu kimoja tu: kweli au si kweli. Mtu anayesema “bado” mara hamsini kwa siku, akikaa mbele ya kompyuta anakubali kwamba “bado” haipo duniani.

Silaumu maktaba. Bool ni jibu halali kwa swali dogo: je, herufi hizi zina umbo la namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa? Tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Unaondoa vistari, unahesabu, unazipitisha zile nane kwenye `time.Parse` kwa mpangilio wa `20060102` kuona kama siku hiyo iliwahi kuwapo kwenye kalenda, umemaliza. Mistari kumi. Kosa letu ni kulibebesha swali hilo dogo swali kubwa: je, huyu ni mkulima wetu?

Na hapa petu swali hilo ni zito kuliko kwingine. Wilaya za Karagwe na Kyerwa zinapakana na Rwanda kwa magharibi, na Kyerwa inatazamana na Uganda ng'ambo ya Mto Kagera. Kinyambo kinasikilizana na lugha za majirani, na majina hayajui mpaka. Tuliokuwapo mwaka 2013 tunaikumbuka Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu: watu walivyoulizwa babu yao alizaliwa wapi, na jinsi jibu la Kinyambo lilivyoweza kusikika kama lafudhi ya kigeni kwenye sikio la aliyetoka mbali. Mahali kama hapa “hajapata” inaweza kuwa hali ya miaka, na mwenye hali hiyo anaweza kuwa ndiye aliyepanda mibuni inayolisha nusu ya kitongoji. Ukiweka `required` kwenye NIDA umeamua jambo la uraia kwa neno moja, bila kikao wala muhtasari, na umeliamua ukiwa umevaa kandambili nyumbani kwako.

Angalieni pia jinsi kanuni moja inavyoficha nyingine. Tangu mwaka 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kwa hiyo anayesema “mimi sikuilazimisha NIDA, nimelazimisha simu tu” ameilazimisha NIDA kwa mlango wa uani. Hasemi uongo, ila hajafuata kamba mpaka mwisho.

Pendekezo langu si geni kwa yeyote aliyesoma maelezo ya maktaba yenyewe. Ongeza sehemu ya pili, `HaliNida`, yenye `oneof=anayo hana hakuleta hajapata`. Namba yenyewe ipe `required_if=HaliNida anayo`, kisha `omitempty`, kisha tagi yako ya `nida`. Sasa mfumo unadai namba kwa aliyesema anayo, na kwa wengine unaandika walichosema. Aliyesahau sanduku nyumbani anapewa siku. Anayesubiri anaingia kwenye orodha ambayo ofisa mtendaji wa kijiji anaweza kuishika mkononi na kuuliza imekwama wapi. Hapo “bado” imegeuka kazi ya mtu fulani. Kwenye mfumo wa kweli na si kweli, mtu yule yule angegeuka shilingi moja.

Nirudi kwa wale waandishi wangu wawili. Anayeogopa kanuni za kienyeji ana hoja moja nzuri, nayo ni kwamba kanuni zisajiliwe zote kabla seva haijaanza kupokea kazi, kwa sababu usajili huo haukutengenezwa kustahimili nyuzi nyingi kwa pamoja, na tagi isiyosajiliwa huzusha `panic`. Sawa kabisa. Lakini anapodai zilizomo hazina kwao, namwomba ajaribu neno “ng'ombe” kwenye tagi ya `alpha`. Litakataliwa, maana tagi hiyo inazijua herufi za A mpaka Z peke yake, na kile kikoma cha juu si herufi. Msukuma aliyehamia huku na mifugo yake, akiitwa jina linaloanza na Ng', haandikishiki, na ng'ombe wake vilevile. Ajaribu 07 ya kawaida kwenye `e164`, aone inavyodai alama ya kujumlisha mbele. Asiyeongeza kanuni zake amechagua kutawaliwa na za mtu asiyejua Omurushaka iko wapi.

Huyu wa pili, mwenye komeo, namwelewa zaidi kuliko anavyodhani. Kahawa yetu imevushwa usiku miaka mingi, na butura imewala wakulima wetu: kahawa inauzwa ingali maua mtini kwa bei ya shida, kwa sababu mtoto anatakiwa shuleni mwezi Januari na mavuno yako mbali. Lakini amuulize mtu yeyote wa Nkwenda au Kayanga. Anayevusha magunia usiku hajazi fomu. Mnunuzi wa butura ana NIDA, ana laini tatu, na kwa maandishi hadaiwi hata senti. Komeo la mwandishi huyu litamnasa bibi mwenye madebe mawili. Kanuni anayoipendekeza juu ya uzito, hiyo naichukua kwa mikono miwili: kahawa ya maganda ikikobolewa hutoa takriban nusu ya uzito wake, kwa hiyo kilo za kahawa safi zikikaribia kilo za maganda kuna mkono umeingia. Hiyo ni kazi ya `RegisterStructValidation`, kwa kuwa inalinganisha sehemu mbili za rekodi moja. Tena inamkagua aliyeshika mizani. Makala nzima imejaa kanuni za kumkagua aliyebeba gunia, na hii ni moja tu ya kumkagua anayelipima. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha mwandishi amesimama upande gani wa meza.

Makala ya mapacha nimeiweka katikati ya toleo makusudi, na ningependa isomwe kwanza. Mfumo fulani ulizuia rekodi pacha kwa kulinganisha jina la baba, kijiji na tarehe ya kuzaliwa. Mwandishi anaonyesha kanuni hiyo ikimpokea Kakuru, pacha mkubwa, na kumkataa Kato, mdogo wake, watu wazima wawili wenye mashamba mawili, kwa kosa la kuzaliwa siku moja. Kisha anaongeza wazee wote walioandikiwa tarehe mosi Januari kwa sababu mama zao waliwahesabia umri kwa mvua na vita, si kwa kalenda. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba kila jina la pacha katika nchi hizi ni kanuni ya uhakiki iliyoandikwa kabla ya Go, na ni nzuri kuliko ile iliyomkataa Kato.

Makala ya mipaka ya utawala ni fupi na kavu, na ni ya kweli. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mwaka ule ule Go ilipotoa toleo lake la kwanza kamili, na mpaka leo wapo watu ambao kadi moja inawaita wa Karagwe na nyingine wa Kyerwa bila wao kuhama hata hatua moja. Kanuni inayodai wilaya zilingane inawaita waongo. Chama kikuu cha ushirika, KDCU, kinahudumia wilaya zote mbili na bado kinabeba jina la Karagwe. Kingekuwa mkulima, mfumo ungekikataa. Kwa wanaoandika orodha za wilaya: `oneof` hutenganisha kwa nafasi, hivyo Bukoba Vijijini ifungeni kwa alama za kunukuu, la sivyo mtapata wilaya iitwayo Vijijini.

Makala ya Gin inawakumbusha waliosahau kwamba fremu hiyo husoma tagi ya `binding`, na aliyeandika `validate` hakagui chochote wala haambiwi.

Makala ya ujumbe wa makosa nimeipunguza, mwandishi anisamehe. Anasema ujumbe usikiri tu kwamba sehemu fulani imeshindwa kwenye tagi fulani, tena kwa Kiingereza, bali umwambie karani afanye nini. Mimi ningeongeza neno juu ya kila kanuni tunayoisajili, kwenye msimbo wenyewe: nani aliiomba, na mtu iliyomkataa aende kwa nani. Kanuni isiyoweza kujibu hayo mawili ibaki kwenye daftari la mwandishi mpaka itakapoweza.

Mtaniuliza yale madeni ya shilingi moja yaliishia wapi. Niliyafuta jioni moja kwa amri moja, kwa sababu hakuna mkulima anayedaiwa shilingi moja. Kilichonishinda ni sehemu ya simu. Nayo nilikuwa nimeilazimisha, na karani, kwa huruma ile ile, aliwaandikia wasio na namba namba yake yeye. Umbo lake ni sahihi, inapita kila kanuni niliyowahi kuandika, na imerudiwa kwenye kurasa na kurasa za wakulima. Siku ya malipo simu yake hulia mpaka chaji inakwisha. Nikiitazama ile orodha siwezi kujua yupi hana simu, yupi hakuileta siku ile, na yupi hajapata laini. Karani anajua, wote, kwa majina na kwa migomba yao. Msimu huu nitakwenda kukaa naye mizanini na daftari, nimwombe aniambie mmoja mmoja.