Bakshishi ya boti si ya mwalimu pekee

Mkitoka kuzamia Kisite, picha mtapiga na mwalimu aliyewaonyesha kasa, na noti ni yeye mtamtilia mfukoni. Sawa. Na yule kijana aliyepakia mitungi ya hewa pale Shimoni, kila mmoja kama kilo 15? Na nahodha aliyebaki juu akifuata mapovu yenu, ndiyo mkiibuka msijikute peke yenu baharini?

Mwezi uliopita nilimuuliza mmoja wao amepata ngapi siku hiyo. Alicheka tu, akasema wao huambiwa asante.

Manze, kama umeweza kulipia mtungi, mia tano ya vijana wa boti haitakuangusha. Mimi hutoa hiyo kwa kila mtungi niliotumia. Usiitume kwa till ya kampuni, huko hujui itaishia wapi. Uliza kama kuna kisanduku cha wote. Kama hakuna, mpe nahodha mkononi, wenzake wakiona. Kusi ikivuma boti nyingi hulala, na wengi wao wanalipwa kwa siku.

Noti ibebe kabisa kutoka hotelini. "Nitakutumia M-Pesa nikifika" wameisikia sana.