Foleni ya Wagonjwa Kangemi



Hapa Kangemi, mama mwenye mtoto mwenye homa huamka kabla ya alfajiri ili awahi nafasi kwenye benchi la kituo cha afya cha umma. Mara nyingi adhuhuri humkuta angali pale pale. Wenye fedha hupanda matatu kwenda Westlands kwa daktari wa kulipwa.

Sisi twauliza: Katiba ya mwaka 2010 iliandikwa kwa ajili ya nani? Kifungu cha 43 champa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Ada katika zahanati na vituo vya afya vya serikali ilifutwa mwaka 2013, mwaka ule ule kaunti zilipokabidhiwa afya. Lakini kusubiri nako ni ada: kibarua hupoteza ujira wa siku nzima, na hapewi risiti.

Papa Francis alipozuru parokia yetu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 27 Novemba 2015, alikemea kutengwa kwa maskini wa mijini. Tulimpigia makofi. Sasa na twende kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, tuulize ni waganga wangapi walioajiriwa kwa ajili ya Kangemi. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali.