Kivinjari kipya ndani ya Linux ya zamani: tusiichokonoe Debian yetu

Haya wadau, leo siasa za wilaya naziweka kando. Hapa Ngara tunaotumia Linux ni wa kuhesabika, na ubishi wetu hauishi: ukiwa na Debian thabiti, uweke kivinjari kipya au ubaki na ulichokikuta?

Upande mmoja unasema kinachofanya kazi usikiguse. Nawaelewa. Debian hutoa toleo kila baada ya kama miaka miwili (la 12 Juni 2023, la 13 Agosti 2025), kisha programu zake zinagandishwa; zinazibwa matundu ya usalama na kurekebishwa hitilafu kubwa tu. Kwa mwandishi anayetuma habari kwa mtandao wa simu huku umeme ukikatika bila hodi, mashine isiyobadilika-badilika ni neema. Kikokotoo cha mwaka juzi bado kinajumlisha vizuri!

Lakini kivinjari si kikokotoo, jamani. Chenyewe ndicho kinachotoka nje kila siku kukutana na wageni tusiowajua. Tovuti za benki na za maofisi zinabadilishwa bila sisi kuulizwa, na siku ukurasa wa maombi ukigoma kufunguka, utamlaumu nani?

Debian wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana wanaweka Firefox ya ESR, ile ambayo Mozilla waliianzisha 2012 kwa ajili ya maofisi na mashule: sura yake inakaa kama mwaka mzima, viraka vya usalama vinaendelea kuja. Ikizeeka, Debian huleta ESR inayofuata humo humo ndani ya toleo thabiti. Kwa hiyo wengi wanaolalamika wanachohitaji ni sudo apt update, halafu sudo apt upgrade. Hawajafanya hivyo kwa miezi, wanabania bando. (Siwacheki, bando ni ghali.)

Ninachokipinga waziwazi ni tabia ya kuchomeka ghala la "sid" kwenye Debian thabiti eti upate kivinjari tu. Hakiji peke yake! Kinaburuta maktaba za mfumo, mpaka libc yenyewe, na mashine inabaki nusu ya jana nusu ya kesho. Hapo usiniite usiku.

Anayetaka Firefox ya mwezi huu, Mozilla wana ghala lao la apt tangu Januari 2024. Au pakua faili lao, lifungue kwenye folda yako ya nyumbani. Litajisasisha lenyewe na mfumo hautaguswa. Na tangu Firefox 67 ya mwaka 2019, kila Firefox iliyowekwa hutunza wasifu wake, hivyo ya zamani na mpya zinakaa nyumba moja bila ugomvi. Ila kurasa ulizozihifadhi hutazikuta kwenye mpya mpaka uzihamishe, usije ukapiga mayowe.

Ninaowahurumia ni wenye mashine kongwe za biti 32. Chrome ya Linux iliwaacha 2016. Firefox ikafuata kwa toleo la 145, Novemba 2025, na ESR 140 waliyoachiwa Mozilla walitangaza kuihudumia angalau hadi Septemba 2026. Hata Debian 13 ilitoka bila kisakinishi chao. Kwa hao sina ujanja wa kuwapa. Wanahitaji mashine nyingine, na maofisi yanayofungia stoo kompyuta nzima za biti 64 eti zimezeeka yangewagawia hizo.