Ruzuku ya dharura isiishie kwa unga na blanketi

Novemba 2023 nilikuwa kwa basi la Lamu. Tukapita Minjila, tukafika Gamba, na barabara ikaishia hapo. Tuseme ukweli, haikuisha. Ilikuwa chini ya maji ya Tana. Tukashuka na mizigo, tukapanda boti ya mbao ya mtu binafsi. Jaketi ya kujiokoa? Hata moja. Kando yangu kulikuwa na mama, amefunga mtoto mgongoni kwa leso. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unajua kuogelea?" Nikamwambia sijui, mama. Hatukuongea tena hadi ng'ambo.

Sisi tulivuka. Aprili 28, 2024, boti ilipinduka Kona Punda, upande wa Madogo, kaunti hii hii ya Tana River, barabara ya Garissa ikiwa imefunikwa na maji. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakuwahi kufika nyumbani.

Sasa msomaji wangu wa Garsen, nikuulize: hii ni dharura kweli? Mafuriko ya Tana hayaji kama mwizi. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, bwawa la Masinga linajaa, KenGen inatoa tahadhari, kisha maji yanachukua siku kadhaa kabla ya kufika kwetu. Siku kadhaa zinatosha kabisa kusogeza boti, kujaza tangi la mafuta na kuhamisha wazee. Lakini lazima hiyo boti iwe imenunuliwa mwaka uliopita.

Na usidanganywe ati hakuna njia ya kupata pesa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuanzisha hazina ya dharura, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Shida ni kwamba hazina hiyo imewekewa mambo ya haraka yasiyotarajiwa. Ni pesa ya kuzima moto. Haijengi kituo cha zimamoto.

Pesa ya kujiandaa iko kwingine. Tangu 2021 kuna mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wahisani wengine kupitia serikali ya kitaifa. Unazipa kaunti ruzuku za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kwa masharti. Kaunti lazima nayo itenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo. Tena miradi inafaa kuanzia kwa kamati za wadi, si kwa ofisi ya mtu Hola. Yaani mtu wa Kipini au Garsen Kusini ana haki ya kusema: sisi kisima tunacho, tunataka boti mbili zenye injini, na vijana sita wafunzwe uokoaji.

Kuna jambo lingine hunikereketa. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Tangu hapo kila mtu anaongea usalama wa bandari, na ni sawa, maana ukipanda basi la Lamu unajua kwa nini polisi wanalisindikiza. Lakini njia ya kutoka Mombasa hadi bandari hiyo inapita kwetu. Maji yakikata Gamba, dereva wa lori na askari wote wanabaki ng'ambo wakitazama mto. Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ilianzisha ruzuku za usalama wa bandari, na pesa hizo haziishii getini. Polisi na wazimamoto wa miji jirani huomba, na wengine hununulia boti za uokoaji. Kwa hesabu hiyo Garsen ni jirani wa bandari. Sijasikia kiongozi wetu yeyote akilisema hilo.

Sidharau unga na blanketi. Ukiwa umelala kwa tuta na watoto, blanketi ni kila kitu. Lakini blanketi hupigwa picha, boti iliyofungwa kwa mti wakati wa kiangazi haipigwi. Ndio maana wanasiasa wanapenda ya kwanza.

Mimi chuo kilinishinda, kwa hivyo sikuhubirii kama mtaalamu. Nimejifunza kusoma bajeti kwa simu, na wewe unaweza. Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, wakati ule ule masika inapiga. Kabla ya hapo, jua nani anakaa kwa kamati ya tabianchi ya wadi yako. Kikao cha maoni ya umma kikiitwa, usimwachie mzee wa kijiji peke yake. Uliza ni boti ngapi, ziko wapi leo, nani anashika ufunguo, na mafuta yanalipwa na nani. Wakikujibu "tutaangalia", waambie waandike jibu hilo kwa kumbukumbu za kikao, pamoja na tarehe.